Vizazi vitatu vya ukoo mmoja wanayumba: tuanze na kipimo kipi cha vinasaba?

Mtafiti_Kirumba

Wakuu, salaam. Tunaandaa utafiti mdogo hapa Mwanza juu ya ataksia za kurithi, yale magonjwa yanayoharibu serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo, usemi na macho. Ukoo wa kwanza uko katika kisiwa kimojawapo cha ziwa. Jina la kisiwa naliacha makusudi. Bibi alianza kuyumba akiwa na hamsini na kitu. Mwanawe wa kiume alianza kwenye miaka ya thelathini. Mjukuu yuko shule ya msingi, naye anayumba, anaangusha vitu, na haoni ubaoni hata akikaa dawati la mbele. Wote watatu wanakokota maneno. Majirani wanaamini wakubwa ni walevi, na hilo linawaumiza sana.

Chakula chao kikuu ni ugali wa udaga, kwa hiyo mwenzetu mmoja anasema tuchunguze kwanza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na sumu ya muhogo, kabla ya kuzungumzia urithi. Je, ana hoja? Pili, maabara tunayoshirikiana nayo nje ya nchi inapendekeza eksomu nzima (kusoma sehemu zote za jeni zinazotengeneza protini) kwa kila mgonjwa, na bajeti ikishalipa hiyo haibaki kitu. Tatu, damu: kutoka kisiwani ni boti, kisha gari, na jua la huku mnalijua. Tuichukueje isiharibike? Na tutapimaje kwamba ugonjwa umeongezeka mwaka hadi mwaka?

Tabibu_Bwiru

Mkuu, mwenzenu ana haki ya kuuliza. Konzo si ngeni Kanda ya Ziwa. Mlipuko wa mwaka 1985 wilayani Tarime ulichunguzwa na ukaandikwa vizuri. Ila unayoyaeleza hayafanani nayo. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 1996 vinataka miguu yote miwili iwe imekakamaa kwa usawa, dalili ziwe zimeingia ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima na baada ya hapo zisizidi, tena goti au kifundo kikigongwa kwa nyundo kiruke kupita kawaida bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Mgonjwa wa konzo hutembea kwa miguu iliyokaza, magoti yakisuguana, pengine kwa ncha za vidole. Wa serebela anatanua miguu, hatua hazilingani, na mkono wake unatetemeka zaidi kadiri unavyokaribia kikombe.

Konzo huweza kukumba watu kadhaa wa nyumba moja kwa kuwa wanakula chungu kimoja, ndiyo sababu hudhaniwa ni ya kurithi. Angalieni miaka. Wakiugua katika msimu mmoja wa njaa, ulizeni muhogo ulilowekwa siku ngapi. Wakipishana kizazi kizima, na kila mmoja akizidi kuwa mbaya taratibu, tafuteni kwenye nasaba.

Unaoweza kuwapoteza kweli ni ule ugonjwa mwingine unaohusishwa na muhogo, ulioelezwa sana Nigeria, ambao huharibu polepole neva za hisia, macho na masikio ya watu wazima. Nao huleta kuyumba na kupungua kwa kuona, kwa hiyo kila mgonjwa apimwe mambo matatu: akisimama miguu pamoja na kufumba macho anaanguka? Vifundo vikigongwa vinajibu? Ukimfumba macho na kusogeza kidole gumba cha mguu, anajua kimeelekea juu au chini? Akishindwa yote matatu, neva za hisia zimeguswa. Andika wazi kwenye fomu, maana magonjwa kadhaa ya kurithi, likiwemo la Friedreich (ataksia inayorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili), hugusa neva hizo pia.

Kabla ya vinasaba, ondoeni yanayotibika: VVU, kaswende, vitamini B12, homoni za tezi la shingo. Kusanyeni majina ya dawa zote, hata za duka la mtaani. Fenitoini ikizidi kwenye damu huleta ataksia ileile, na metronidazoli iliyotumika muda mrefu huweza kudhuru serebela. Pombe ulizeni kwa heshima na mwandike kiasi, si "anakunywa" tu. Ukoo wa vizazi vitatu hauelezwi na haya peke yake, lakini mtu mwenye ugonjwa wa kurithi anaweza kuwa na upungufu wa B12 juu yake, na ukiuziba anapata ahueni ya kweli.

Mkipata koo nyingine ambako wazazi ni wazima na ndugu wawili watatu wa tumbo moja wanaugua, pimeni vitamini E bila kusubiri lolote. Upungufu wake wa kurithi, unaotokana na jeni TTPA, unafanana mno na ataksia ya Friedreich ukiutazama kwa macho, lakini huu una tiba: mtu mzima hupewa miligramu 800 hadi 1500 kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, maisha yote, na ugonjwa husimama. Seramu itenganishwe mapema, chupa ifungwe kwa karatasi ya aluminiamu kwa sababu mwanga huiharibu vitamini hiyo, kisha igandishwe. Sampuli itangulie vidonge. Ukishaanza dawa, kipimo kimepoteza maana.

Turudi kwenye ukoo wako. Ataksia na macho kwa pamoja, kila kizazi kikianza mapema kuliko kilichotangulia, tena mruko mkubwa ukipitia kwa baba: ningeshuku SCA7, yaani ataksia ya spinoserebela aina ya 7, kabla ya nyingine zote. Imeelezwa sana katika familia za Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Mpelekeni mtoto kwa daktari wa macho, aangalie makyula, kitovu cha retina nyuma ya jicho, na si miwani tu. Muulizeni kama mwanga mkali wa mchana unamsumbua kuliko kivuli. Angalizo: kitabu cha Ishihara kimetengenezwa kwa kasoro ya nyekundu na kijani, wakati SCA7 huanza na bluu na njano, kwa hiyo mtoto anaweza kukisoma chote sawasawa na bado retina inaharibika. Tumieni kipimo cha Farnsworth D-15, kile cha kupanga vifuniko vya rangi. Na mwangalie macho yenyewe yanapohama kutoka kidole kimoja kwenda kingine: katika SCA7 na SCA2 huhama polepole, na mgonjwa hugeuza kichwa au kupepesa ili kuyasaidia.

Data_Igoma

Mimi ningechukua eksomu. Mnapata jeni zote kwa mkupuo mmoja, na data inabaki kwa maswali ya baadaye. PCR (kukuza kipande cha DNA ili kukipima) ya jeni moja moja mtamaliza lini?

Maabara_Nyegezi

Data_Igoma, kwa wagonjwa wenye wazazi wazima hoja yako ina uzito, kwa kuwa nyingi ya ataksia hizo huletwa na mabadiliko ya herufi moja moja. Kwa ukoo huu mtatumia fedha yote na kupata jibu la uongo.

Ataksia zinazojulikana zaidi kati ya zile zinazorithiwa kwa mzazi mmoja, yaani SCA1, 2, 3, 6 na 7, husababishwa na herufi tatu CAG kujirudia kupita kiasi ndani ya jeni. Eksomu ya kawaida husoma vipande vya herufi 150 hivi. Marudio 60 ni herufi 180. Hakuna kipande kinachovuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo urefu wa kweli hauonekani. Zipo programu kama ExpansionHunter zinazokisia urefu kutoka kwenye vipande hivyo, na zinafanya vizuri zaidi kwenye jenomu nzima, lakini bado utahitaji PCR kuthibitisha. Friedreich ni mbaya zaidi: marudio yake ya GAA yako ndani ya introni ya kwanza ya jeni FXN, mahali ambapo eksomu haifiki. Vivyo hivyo SCA27B ya jeni FGF14. Hofu yangu kubwa ni ripoti ya "hakuna kilichoonekana" kufika kisiwani na familia kuielewa kwamba ugonjwa wao haurithiwi.

Fanyeni hivi. Mpimeni kwanza baba, jeni ATXN7. Mtoto asiwe wa kwanza, kwa sababu marudio yake yanaweza kuwa marefu mno, watoto wengine hupita 200, na PCR ya kawaida hushindwa kuyakuza. Ya baba yakiwa mafupi zaidi yatakuzwa kwa urahisi na kuwaonyesha mnatafuta nini. Eneo hili limejaa G na C, kwa hiyo ongezeni betaini ya mola 1 kwa lita au DMSO ya asilimia 5, la sivyo aleli (nakala ya jeni) fupi itakuzwa na ndefu itapotea. Kianzio kimoja (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) kiwe na rangi ya kung'aa, na urefu usomwe kwa elektroforesisi ya kapilari, mashine inayopanga vipande kwa urefu na kuchora kila urefu kama kilele. Kila mzunguko uwe na sampuli ya ulinganisho ambayo marudio yake yanajulikana, na kichupa kisicho na DNA.

Kusoma matokeo ndiko watu wengi wanakoanguka. Mkiona vilele viwili tofauti, vyote ndani ya kiwango cha kawaida, jeni hiyo imeondolewa. Mkiona kilele kimoja tu, msiandike "kawaida". Ama aleli zote mbili zina urefu sawa, ama ya pili ni ndefu kiasi kwamba haikukuzwa kabisa. Hapo lazima PCR ya vianzio vitatu, ambayo huonyesha mkia wa vilele vidogo vidogo vinavyoshuka kama kuna marudio marefu. Ikionyesha mkia na mnahitaji urefu kamili, ni Southern blot (njia ya kupima urefu wa vipande bila kuvikuza) au usomaji wa vipande virefu.

Vizingiti navyo visichanganywe. SCA7 huhesabiwa ugonjwa kuanzia marudio 37, SCA1 kuanzia 39 yasiyokatizwa na CAT, SCA2 kuanzia 33, SCA3 kuanzia 60 hivi, na SCA6 kuanzia 20 tu. Ishirini kwenye SCA3 ni mtu mzima kabisa.

ATXN7 ikiwa safi, nendeni kwenye hizo nne zilizobaki, kisha SCA17 na DRPLA, ataksia nyingine mbili za marudio. Mkiona kwa mgonjwa yeyote miondoko ya kuchezacheza isiyo ya hiari na mabadiliko ya tabia, ongezeni jeni HTT ya Huntington pamoja na JPH3. Ugonjwa wa JPH3, unaoitwa HDL2, unafanana na Huntington na umepatikana karibu wote kwa watu wenye asili ya Afrika, lakini orodha nyingi za vipimo za Ulaya huuacha nje. Ombeni kwa jina. Yote yakinyamaza, hapo ndipo fedha ya jenomu itolewe.

Kuhusu damu: chupa za EDTA, zile za kifuniko cha zambarau, mbili za mililita 4 kwa mtu mzima na moja kwa mtoto. Heparini msitumie, huzuia PCR. Jaza hadi alama, pindua polepole mara 8 hadi 10 papo hapo. Mkichelewa damu huganda kwa mabonge na mavuno hushuka. Kibebeo cha chanjo kinatosha, nyuzi 2 hadi 8, lakini chupa zifungwe kwa kitambaa au sponji zisiguse barafu, maana damu nzima ikiganda na kuyeyuka seli hupasuka. Ikikaa baridi namna hiyo, siku kadhaa hazidhuru PCR, hivyo boti likiahirishwa kwa upepo msivunjike moyo. Kadi za matone ya damu kavu zinafaa kwa PCR fupi tu.

Kama mnatazamia kusoma vipande virefu baadaye, gawa DNA mapema: sehemu ya PCR igandishwe, sehemu ya vipande virefu ibaki nyuzi 4 kwenye bafa ya TE, isitikiswe kwa mashine, inyonywe kwa ncha zenye tundu pana. Mililita 1 ya damu kwa kawaida hutoa mikrogramu 20 hadi 40. PCR hula nanogramu 50 hadi 100. Southern blot hutaka mikrogramu 5 hadi 10. Pimeni kwa rangi ya floresensi, maana kipimo cha mwanga peke yake huhesabu na RNA.

Lebo ibandikwe kabla chupa haijaingia kwenye baridi, kwa sababu jasho la chupa hufuta wino, na iwe na namba badala ya jina. Watu wawili wasome namba kwa sauti. Katika ukoo mmoja ndugu hufanana vinasaba, hivyo chupa zikibadilishana matokeo hayatawashtua, na mtampa mtu jibu la nduguye.

Mshauri_Nasaba

Niongeze upande wa watu, kwa sababu hapa madhara hayarudishwi nyuma.

Mjukuu ana dalili, kwa hiyo kumpima ni kutafuta ugonjwa alionao; mzazi aridhie na mtoto mwenyewe aelezwe na akubali kwa kiwango chake. Kaka na dada zake wasio na dalili walio chini ya miaka 18 wasipimwe, hata mzazi akiomba sana. Wakifikisha umri wataamua wenyewe, na wana haki ya kutojua. Mtu mzima asiye na dalili apewe mazungumzo kabla, muda wa kufikiri, na mazungumzo mengine siku ya majibu. Utaratibu huo ulitengenezwa kwa ajili ya Huntington na unafaa hapa neno kwa neno.

Mnapoeleza urithi, semeni kwamba kila mimba ni nusu kwa nusu. Familia nyingi huelewa kwamba wa kwanza akitoka salama wa pili ndiye atakayeugua. Rudieni kwa mfano wa sarafu kurushwa upya kila mara, kisha mwombe msikilizaji akueleze yeye.

Fomu ya ridhaa iseme mapema kwamba vipimo vinaweza kufichua baba wa kibiolojia, na kwamba hilo halitatolewa. Mchoro wa ukoo ukichapishwa, wekeni umbo la almasi badala ya duara na mraba, ondoeni umri kamili na kisiwa. Kisiwa kidogo hujuana. Vizazi vitatu vyenye umri wao vinatosha kumtaja mtu. Hata hapa, umri wa makundi unatosha, tusiombe zaidi.

Vibali: kamati ya maadili ya taasisi yenu, kisha ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na mkataba wa kuhamisha sampuli kabla hata tone moja halijatoka nchini. Someni pia sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na tengeni fedha ya sampuli ya pili: jibu la utafiti lisimfikie mtu kabla halijathibitishwa kwa damu mpya.

Fizio_Capripoint

Kwa ufuatiliaji tumieni SARA, mizani ya kupima ukali wa ataksia. Vipengele 8, alama 0 hadi 40, haihitaji umeme wala mashine: kutembea (8), kusimama (6), kukaa (4), usemi (6), kisha kufuata kidole, pua na kidole, kugeuza viganja haraka, na kisigino juu ya muundi, kila kimoja 4. Vinne vya mwisho hupimwa kulia na kushoto, mkachukua wastani.

Kisiwani kinachoharibu kipimo ni uwanja. Mita 10 za kutembea ziwe sakafu ngumu, si mchanga wa mwaloni. Darasa la shule linafaa. Awe sambamba na ukuta bila kuugusa, ageuke, kisha hatua 10 za kisigino kwa kidole. Kanga au kitenge kinachobana kipandishwe ili miguu ionekane. Kipengele cha usemi kipimwe katika mazungumzo ya lugha yake ya nyumbani, na mpimaji awe anaielewa. Mkerewe au Msukuma akilazimishwa Kiswahili cha ofisini atasitasita, na utahesabu woga kama ugonjwa. Saa za kupima ziwe zilezile kila mwaka, kwa kuwa uchovu wa jioni huongeza alama.

Msitegemee tofauti kubwa. Ufuatiliaji wa Ulaya ulionyesha SCA1 huongezeka wastani wa alama 2.11 kwa mwaka, SCA3 1.56, SCA2 1.49, SCA6 0.80. Wapimaji wawili wasiofunzwa pamoja wanaweza kutofautiana kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mpimaji awe mmoja, na mpige video kwa ridhaa ili mwingine aikague.

Na tafadhali msiwaache mikono mitupu wakati mnasubiri majibu. Mazoezi makali ya uratibu wa mwili kwa wiki 4, yaliyochunguzwa Ujerumani na kuchapishwa 2009, yalipunguza alama za SARA, na faida ilibaki kwa walioendelea nyumbani. Kupiga magoti na kuinua mkono na mguu wa pande tofauti, kusimama mguu mmoja karibu na meza, kupanda ngazi kwa kupishanisha miguu, kujifunza kujikinga unapoanguka. Saa moja, mara tatu kwa wiki. Mvuvi anayeyumba asiingie mtumbwini bila jaketi la kuokolea, hata akisema leo yuko vizuri. Kwa mtoto asiyeona ubaoni, zungumzeni na mwalimu sasa: maandishi makubwa, kiti mbali na dirisha lenye jua.

Mtafiti_Kirumba

Nawashukuru sana wakuu. Nimeelewa: baba kwanza, ATXN7, eksomu isubiri, na umri wa watu nitautaja kwa makundi kuanzia sasa. Mawili yamebaki. Bibi hataki sindano kabisa, tunamhitaji? Na mwanawe ameuliza kama ile dawa mpya ya ataksia anayoisikia itamfaa.

Tabibu_Bwiru

Dawa anayoisikia bila shaka ni omaveloksoloni, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2023. Ni ya ataksia ya Friedreich tu, kuanzia miaka 16. Ikithibitika ana SCA7 haitamsaidia, na mwelezeni hivyo waziwazi asije akauza shamba kuifuata.

Maabara_Nyegezi

Bibi msimlazimishe. Uchunguzi wake wa mwili na SARA vinatosha kuonyesha mstari wa urithi. Marudio yake yangetueleza tu yaliongezeka kiasi gani alipomzaa mwanawe. Akikubali mate, tumieni kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, asile, asinywe wala asitafune tumbaku kwa nusu saa kabla, na ajaze hadi mstari bila kuhesabu povu. DNA ya mate huchanganyika na ya bakteria wa kinywani, kwa hiyo ongezeni kiasi kwenye PCR kuliko mnavyoweka ya damu.